Sikukuu za Wajapani: Siku za Kale kwa Majina Mapya

Katika nchi ya Japani ziko sikukuu 16 zilizoandikwa katika sheria, na katika siku hizo maofisi ya serikali, mabenki na mashule hufungwa. Ni nyingi kuliko za mataifa mengi makubwa, na mgeni asiyewajua Wajapani angeweza kudhani kwamba watu hao hupenda starehe kuliko kazi. La hasha. Sababu moja ya wingi huo ni kwamba mfanyakazi wa Japani huona haya kuomba likizo yake hali wenzake wanabaki kazini. Basi serikali ikiamuru kila mtu apumzike siku moja, hakuna wa kumwonea mwenziwe haya.

Lakini majina ya siku hizo yastaajabisha kuliko wingi wake. Mwenye kuitazama kalenda yao ataona Siku ya Utamaduni, Siku ya Shukrani kwa Kazi, Siku ya Watoto, Siku ya Bahari: majina mapole yasiyoweza kumwudhi mtu. Nyuma ya upole huo iko habari ya taifa lililoshindwa vitani, likalazimika kuamua ni mambo gani ya zamani yaweza kukumbukwa hadharani, na ni yapi yatakumbukwa kimya kimya.

Habari yenyewe yaanza mwaka 1873. Kabla ya hapo Wajapani walihesabu miezi yao kwa kuandama kwa mwezi, na sherehe zao zilifuata kilimo na kumbukumbu za wafu. Serikali ya Mfalme Meiji, iliyotaka nchi ilingane na mataifa ya Ulaya, ikatangaza kwamba siku ya tatu ya mwezi wao wa kumi na mbili itakuwa tarehe 1 Januari 1873. Watu walipewa taarifa kwa muda usiotimia hata mwezi mmoja. Okuma Shigenobu, mmoja wa wakuu wa serikali hiyo, alieleza baadaye kwamba hazina ilikuwa na upungufu, na kwa hesabu ya kale mwaka uliokuwa ukija ungekuwa na miezi 13, maana yake mishahara 13 ya kulipa. Kwa kubadili kalenda serikali iliepuka mshahara wa mwezi huo wa ziada, na ule wa mwezi wa kumi na mbili uliokatwa vile vile. Makarani wa siku hizo hawakuulizwa shauri lao.

Pamoja na kalenda mpya zikaja sikukuu mpya, na karibu zote zilihusu nyumba ya kifalme. Tarehe 11 Februari ilifanywa ukumbusho wa Jimmu, ambaye masimulizi ya kale yasema kwamba alikuwa Mfalme wa kwanza, naye alitawazwa mwaka wa 660 kabla ya Kristo. Siku ya kuzaliwa kwa Mfalme ilikuwa sikukuu. Zile siku mbili za mwaka ambazo mchana na usiku hulingana zikawa siku za kuwaabudu wazee wa Mfalme. Tarehe 23 Novemba ilikuwa ya mavuno, ambapo Mfalme huitolea miungu mchele mpya. Katika sikukuu zilizokuwa kubwa zaidi wanafunzi walikusanyika shuleni, wakainamia picha ya Mfalme, na mwalimu mkuu akawasomea kwa sauti ya taratibu Tamko la Mfalme juu ya Elimu, lililotolewa mwaka 1890. Picha hiyo iliwekwa katika kijumba chake maalumu, na husimuliwa habari za walimu wakuu waliokufa wakijaribu kuiokoa katika moto.

Mwezi wa Agosti mwaka 1945 Japani ilisalimu amri. Desemba ya mwaka ule ule wakuu wa majeshi ya Marekani waliamuru dini ya Shinto itenganishwe na serikali. Ndipo likaja swali la sikukuu, kwa maana siku hizo zote zilikuwa za Mfalme na za dini. Sheria mpya ilitangazwa tarehe 20 Julai 1948, nayo iliweka sikukuu 9. Msomaji akizihesabu vizuri ataona kwamba 6 kati ya hizo zilikuwa zile zile siku za zamani za jumba la kifalme, zimevikwa nguo nyingine. Siku ya mavuno iliitwa Siku ya Shukrani kwa Kazi. Tarehe 3 Novemba, aliyozaliwa Mfalme Meiji, ikawa Siku ya Utamaduni. Siku za kuwaabudu wazee wa Mfalme ziliitwa kwa majina ya mlingano wa majira tu, na sheria ikasema kwamba ile ya Machi ni ya kuyapenda maumbile na vyote vyenye uhai, na ile ya Septemba ni ya kuwaheshimu waliotangulia na kuwakumbuka wafu.

Ama kwa siku hizi mbili, watu wa kawaida hawakuona badiliko kubwa. Tangu karne nyingi Wabudha wa Japani huzishika siku 7 katika kila majira hayo kwa kuzuru makaburi. Jamaa huenda na ndoo ya maji, ufagio, maua na ubani, wakaliosha jiwe la kaburi kama amwoshavyo mtu mzee wake mgongo, kisha wakala vidonge vya wali vilivyozungushiwa maharagwe mekundu yaliyopondwa na kutiwa sukari. Kidonge hicho huitwa botamochi katika majira ya kuchipua na ohagi katika majira ya vuli, ingawa ni kitu kile kile. Jambo la ajabu ni kwamba sheria haitaji tarehe za sikukuu hizi mbili. Wanajimu wa serikali hupiga hesabu ya jua, na tarehe hutangazwa katika gazeti rasmi la serikali mwezi wa Februari wa mwaka uliotangulia.

Katika sikukuu zote hakuna ishindayo Mwaka Mpya. Kwa siku nyingi kabla yake nyumba husafishwa hadi darini, na madeni hulipwa. Mlangoni huwekwa mianzi iliyokatwa pamoja na matawi ya msonobari, na kamba ya majani ya mpunga hutundikwa ili uchafu wa mwaka wa zamani usiingie. Mchele wa kunata uliopikwa kwa mvuke hutwangwa katika kinu kwa nyundo kubwa ya mti, mmoja akipiga na mwingine akiligeuza donge kwa mkono uliolowa maji, na ole wake asiyefuata mwendo wa mwenziwe! Donge hilo ndilo mochi, chakula kisichokosekana siku hiyo. Ni kitamu lakini hunata sana, na kila mwaka wako wazee wanaokufa kwa kukabwa nacho kooni, hata kikosi cha zimamoto cha Tokyo hutoa maonyo kila ifikapo Desemba.

Usiku wa kuamkia mwaka mpya watu hula tambi ndefu, kwa kutaka maisha marefu kama hizo tambi. Karibu na saa sita ya usiku kengele za mahekalu ya Kibudha huanza kulia, nazo hupigwa mara 108, kwa kuwa Wabudha huhesabu tamaa 108 zinazomsumbua mwanadamu. Alfajiri yake Mfalme, akiwa peke yake uwanjani mwa jumba lake, huinama kuelekea pande nne za dunia. Ibada hiyo ilikuwa jambo la taifa zima kabla ya vita. Siku hizi ni jambo lake mwenyewe. Wananchi nao hufurika katika mahekalu ya Shinto, na lile la Meiji mjini Tokyo hupata watu kama milioni 3 katika siku 3 za kwanza.

Watoto huingojea siku hiyo kwa sababu nyingine. Kila mjomba na kila shangazi huwapa bahasha ndogo yenye fedha ndani yake. Kwa watu wazima iko kazi ya kadi. Zile zilizotiwa posta mwezi wa Desemba huwekwa na watu wa posta, kisha hupelekwa zote asubuhi ya tarehe 1 Januari, zimefungwa fungu moja kwa kila nyumba. Nyumba iliyofiwa katika mwaka huo haitumi kadi za furaha. Hutuma mapema kadi nyingine, ya kiasi, kuwaomba rafiki zao radhi kwa kutosalimu. Desturi ya kadi yapungua kila mwaka kwa ajili ya simu, na Wajapani wenyewe hulisikitikia jambo hilo huku wakizidi kuacha kuzituma.

Mwezi huo huo iko Siku ya Watu Wazima. Mbegu yake ilipandwa katika mji mdogo wa Warabi, kaskazini ya Tokyo, mwezi wa Novemba mwaka 1946. Vijana wengi walikuwa wamerudi kutoka vitani hawana kazi wala matumaini, na wenyeji wa mji huo wakawafanyia sherehe ya kuwatia moyo. Serikali ikaona ni jambo jema, ikalitia katika sheria ya 1948. Hapo kwanza ilikuwa tarehe 15 Januari. Tangu mwaka 2000 ni Jumatatu ya pili ya mwezi huo, ili watu wapate siku 3 za mapumziko mfululizo. Wasichana huvaa kimono zenye mikono mirefu inayokaribia kugusa chini, nao huamka usiku ili wavishwe na kusukwa nywele, kwa kuwa vazi hilo haliwezekani kuvaliwa bila msaidizi. Wengi hulikodi kwa fedha nyingi, zilizowekwa na wazazi kwa muda mrefu. Ndiyo maana mwaka 2018 nchi nzima ilikasirika wakati kampuni moja ya kukodisha mavazi hayo ilipofunga milango siku yenyewe ya sherehe, na wasichana wa Yokohama na wa Hachioji wakasimama katika baridi ya alfajiri bila vazi na bila fedha zao. Tangu Aprili 2022 Mjapani huwa mtu mzima kwa sheria akitimiza miaka 18, lakini miji mingi imeendelea kufanya sherehe kwa wenye miaka 20. Wa miaka 18 wakati huo wako katika mitihani, na hakuna mzazi anayetaka kuwavuruga.

Tukija katika mwezi wa Februari twakuta siku ambayo haikubatizwa upya kwa urahisi. Ile tarehe 11, ya Mfalme Jimmu, ilikataliwa kabisa na Wamarekani mwaka 1948, kwa kuwa ndiyo iliyotumiwa kuwafundisha watu kwamba taifa lao ni la kimungu. Wamarekani walipokwisha kuondoka, wanasiasa wengi walitaka irudishwe. Wataalamu wa historia walipinga, wakisema kwamba habari za Jimmu ni masimulizi yasiyo na ushahidi. Kati ya waliopinga alikuwako Mwanamfalme Mikasa, ndugu yake Mfalme Hirohito mwenyewe, aliyekuwa mwanachuo wa historia ya kale ya nchi za Mashariki ya Karibu. Yafaa kumsifu mtu huyo, maana si wengi wawezao kusema kwamba nasaba yao haina uthibitisho. Hata hivyo sheria ilibadilishwa mwaka 1966, na tangu 1967 tarehe 11 Februari ni Siku ya Ukumbusho wa Kuanzishwa kwa Taifa. Hadi leo siku hiyo ifikapo, mikutano hufanywa ya namna mbili: ya wanaoishangilia na ya wanaoilaani. Wananchi walio wengi hawahudhurii wowote, hulala hadi jua limepanda.

Siku nyingine yenye mgongano ni tarehe 29 Aprili, aliyozaliwa Mfalme Hirohito. Alitawala tangu 1926 hadi 1989, na chini ya jina lake nchi iliingia vitani, ikateketea, kisha ikajengwa upya na kutajirika. Kwa desturi sikukuu hiyo ingalikoma alipofariki. Watu walikuwa wamekwisha kuizoea, kwa hiyo iliitwa Siku ya Majani Mabichi, kwa kuwa marehemu alipenda mimea na alikuwa mchunguzi wa viumbe vya baharini. Jina hilo lilidumu miaka 18. Mwaka 2007 likabadilishwa, siku ikaitwa Siku ya Showa, yaani ya enzi yake, na sheria yasema kwamba ni ya kuutafakari wakati huo wa misukosuko na wa kujenga upya. Wengine huona kwamba ni haki kuutafakari wakati huo. Wengine huuliza, je, yatafakariwa mateso, au yasifiwa enzi? Majani mabichi nayo yalihamishiwa tarehe 4 Mei.

Siku hiyo ya Aprili ndiyo mlango wa juma lenye sikukuu nyingi kuliko yote. Tarehe 3 Mei ni Siku ya Katiba, kwa kuwa katiba mpya, iliyoacha vita, ilianza kazi tarehe 3 Mei 1947. Tarehe 5 ni Siku ya Watoto. Magari hujipanga barabarani maili nyingi, treni hujaa hadi watu husimama, na baba waliokusudia kupumzika hurudi kazini wamechoka kuliko walivyoondoka.

Siku ya Watoto hapo kale ilikuwa ya wavulana tu. Sheria ya 1948 iliifanya ya watoto wote, na ikaongeza kwamba siku hiyo mama pia washukuriwe, neno ambalo wengi wamelisahau. Hata hivyo alama zake zimebaki za wavulana: kofia ya chuma ya askari wa kale huwekwa sebuleni, na nje hupandishwa samaki wa kitambaa aitwaye koi, mweusi mkubwa kwa ajili ya baba, mwekundu kwa ajili ya mama, na wadogo kwa ajili ya watoto, wakajazwa upepo na kuogelea hewani. Yasemekana koi hupanda maporomoko ya maji hadi akageuka joka, na mzazi hutaka mwanawe awe na moyo huo. Mahali pengine mamia ya samaki hao hutandwa kwa kamba juu ya mto, nao wengi wametolewa na nyumba ambazo watoto wake wamekwisha kukua na kuhama. Kila mwaka karibu na siku hiyo serikali hutangaza hesabu ya watoto walio chini ya miaka 15. Tangu 1982 hesabu hiyo imepungua kila mwaka bila kukosa.

Siku ya Bahari ya mwezi wa Julai na Siku ya Milima ya tarehe 11 Agosti ni ngeni; ya kwanza ilianza kushikwa mwaka 1996 na ya pili mwaka 2016. Hazina mengi, isipokuwa kwamba hata hiyo ya bahari ina Mfalme ndani yake: iliwekwa kwanza katika tarehe 20 Julai kwa sababu Meiji alifika Yokohama kwa meli siku hiyo mwaka 1876.

Katikati ya Agosti Wajapani hurudi kwao kwa mamilioni, na hakuna sheria iwaamuruyo. Huo ndio wakati wa Bon, ambapo roho za wazee huaminiwa kurudi nyumbani. Moto mdogo huwashwa mlangoni kuzionyesha njia, chakula huwekwa mbele ya madhabahu ya nyumba, na usiku watu hucheza ngoma kwa duara. Tarehe 16 mjini Kyoto mioto mikubwa huwashwa milimani kuziaga. Makampuni hufunga kazi kwa hiari yao, maana hata wangefungua nani angekuja? Katikati ya siku hizo iko tarehe 15 Agosti, siku ambayo mwaka 1945 watu walisikia kwa redio sauti ya Mfalme wao kwa mara ya kwanza, akiwaambia kwamba vita vimekwisha. Siku hiyo nayo haimo kati ya zile 16. Saa sita ya mchana watu husimama kimya dakika moja, na mechi ya besiboli ya wanafunzi katika uwanja wa Koshien husimamishwa, wachezaji wakavua kofia zao.

Mwezi wa Septemba wazee huheshimiwa. Kijiji kimoja cha jimbo la Hyogo kilianza mwaka 1947, na taifa likafuata mwaka 1966. Tangu 1963 serikali humpa kila atimizaye miaka 100 kikombe cha fedha cha kunywea sake. Mwaka huo wa kwanza watu wenye umri huo walikuwa 153 katika nchi nzima. Leo wamezidi 90,000, na kwa ajili ya gharama vikombe hivyo, tangu 2016, hupakwa fedha kwa juu tu.

Siku ya Michezo ya mwezi wa Oktoba ina sehemu yetu pia. Ni ukumbusho wa tarehe 10 Oktoba 1964, ilipofunguliwa Michezo ya Olimpiki mjini Tokyo. Aliyeuwasha mwenge alikuwa kijana Sakai Yoshinori, aliyezaliwa katika jimbo la Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, siku ile ile ya bomu. Kenya ilikuwa haijatimiza mwaka mmoja wa uhuru, na katika michezo hiyo Wilson Kiprugut alipata medali ya shaba katika mbio za mita 800, ambayo ndiyo medali ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki. Siku chache baadaye Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni kwa mara ya pili. Wajapani huifanya sikukuu hiyo kwa mbio za mashuleni, kuvuta kamba, na jamaa kula pamoja chakula kilichofungwa nyumbani.

Novemba ndiyo yenye siku mbili za mwisho. Katika Siku ya Utamaduni, Mfalme huwapa nishani wataalamu na wasanii jumbani kwake, na watu wengi hawafikiri tena kwamba babu wa babu yake alizaliwa siku hiyo. Katika Siku ya Shukrani kwa Kazi, watoto wa mashule huwapelekea polisi na watu wa zimamoto kadi walizochora wenyewe, wafanyakazi hukaa nyumbani, na maduka hupata faida.

Lakini jioni ya siku hiyo, saa kumi na mbili, taa zote za sherehe zikiwa mahali pengine, Mfalme wa Japani huvaa kanzu nyeupe ya hariri akaingia katika chumba kitakatifu cha jumba lake. Humo huwatolea miungu mchele mpya uliotoka katika majimbo yote ya nchi, na sake mpya, kisha naye akaonja. Hutoka, akarudi saa tano ya usiku, akafanya vile vile mara ya pili hadi kama saa saba. Hakuna hotuba. Kesho yake asubuhi maofisi hufunguliwa kama kawaida.